Njia ya bibi imeangukia Algeria

Haya, leo naomba uniazime dakika zako chache nikusimulie kisa cha faili. Najua neno faili halimvutii mtu. Vumilia, maana humu ndani mna Wajerumani, Waingereza, Wabelgiji, na bibi mmoja wa Ngara ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Jamaa yangu mmoja niliyesoma naye siku hizi yuko kwao Ngara. Ni Mhangaza wa huko huko. Amejinunulia ile saa ya mazoezi, inayohesabu mapigo ya moyo na kufuata satelaiti za GPS kila unapokwenda. Wengine wanaitumia kupunguza kitambi. Yeye aliitumia kufuata njia aliyoelekezwa na bibi yake, njia ya miguu ambayo bibi aliletwa nayo akiwa biharusi, enzi za Mwingereza, akitokea kwao upande ambao leo ni Burundi. Bibi aliitaja kilima kwa kilima na kijito kwa kijito. Mjukuu akaitembea kinyumenyume, kutoka nyumbani kuelekea kwao bibi, mpaka akakaribia mpaka upande wa Kabanga. Hapo akasimama, akabonyeza kitufe, akarudi zake. Jioni nikapata ujumbe: "Kaka, hebu nifungulie hii kwenye ramani. Bibi anataka kuiona, na macho yake unayajua."

Nikafungua faili. Kilichotokea ni vichorochoro, viulizo na vimraba, kama maandishi ya jini.

Kosa halikuwa lake. Saa nyingi za aina hii huandika kwa fomati ya FIT, ambayo haikutengenezwa isomwe na binadamu. Imetengenezwa ibane nafasi. Badala ya kuandika kwamba uko latitudo -2.6, ambako ni huko Ngara, inaligawa duara zima la dunia katika vipande zaidi ya bilioni nne na kukuandikia kipande chako: -31,019,208. Badala ya tarehe, inahesabu sekunde tangu usiku wa kuamkia 31 Desemba 1989, kwa saa za Greenwich. Ramani za mtandaoni nyingi hazitaki kusikia habari hizo. Zinataka GPX, fomati ya maandishi ya kawaida iliyotolewa 2002 na Dan Foster wa TopoGrafix, au KML, iliyotoka kwa kampuni ya Keyhole, ambayo Google iliinunua 2004, na ambayo 2008 ilifanywa kuwa kiwango cha kimataifa. Katikati wapo wakalimani. Kuna tovuti ya GPS Visualizer ya Adam Schneider, unapakia faili upande huu na linatoka ramani upande ule. Kuna programu ya bure ya GPSBabel iliyoanzishwa na Robert Lipe, ambayo unaiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. Zote mbili zimekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na zimeokoa watu wengi kuliko wanavyojua.

Mimi kwa ujuaji wangu nikaigeuza FIT kuwa GPX, halafu nikasema KML nitaiunda kwa mkono, kwani ni kitu gani. Nikaifungua. Njia ya bibi ilikuwa imelala kwenye mchanga wa Sahara, magharibi mwa Algeria, kusini ya mji wa Béchar.

Sababu ni ya kijinga kabisa. GPX huanza na latitudo, kisha longitudo: -2.6, 30.5. KML huanza na longitudo: 30.5, -2.6. Ukivigeuza, Ngara yote inahamia Algeria, na mji wa Biharamulo unakwenda kukaa karibu na Béchar yenyewe. Nikarekebisha, safari hii nikadondosha alama ya kutoa. Bibi akatokea Ituri, Kongo, upande wa Mahagi. Alama moja ndogo ya kutoa, na mtu anahamishwa kutoka kusini kwenda kaskazini ya ikweta bila kuulizwa.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka kwamba watu wa wilaya hizi mbili wamewahi kuhamishwa hivyo kweli, na waliowahamisha hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba wamegeuza namba.

Tuanze na Biharamulo. Mwaka 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walipita huko wakitafuta chanzo cha Nile. Walitoka Tabora, wakapita Uzinza, wakaingia Usui kwa mtawala Suwarora, kisha wakaenda Karagwe kwa Rumanika. Usui ndiyo Rusubi, nchi ya upande wa Biharamulo ya leo. Suwarora aliwakalisha na kuwadai hongo (hongo ya wakati ule ilikuwa ushuru wa njia, unatolewa mchana kweupe, si hii yetu ya chini ya meza).

Katika kitabu alichokitoa 1863 Speke anaeleza alivyokuwa akichora ramani. Alitumia saa kupima mwendo wa msafara, na dira kusoma upande wa njia. Alichemsha maji na kutia kipimajoto ili ajue mwinuko, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Usiku alitazama nyota apate latitudo, na mwezi apate longitudo. Sasa fungua faili lolote la GPX utazame kila nukta ina nini: latitudo, longitudo, mwinuko, wakati. Vitu vilevile vinne. Hata GPS yenyewe ukiichimba ni saa tu, saa za atomiki zilizorushwa angani, na kifaa chako kinapima mawimbi yamechukua muda gani kufika. Tofauti ni kwamba Speke akikosea dakika moja katika saa ya Greenwich, longitudo yake inahama karibu kilomita 28.

Lakini kuna kitu cha tano, nacho saa haikijui: jina la mahali. Speke hakujua lugha za huku. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, akarudi akiwa huru, akizungumza Kihindustani na Kiswahili. Misafara iliyotoka pwani ilikuwa na tabia yake: nchi yoyote iliwekewa U mbele. Buganda ikawa Uganda. Burundi ikawa Urundi. Rusubi ikawa Usui. Majina hayo yakaenda London kama yalivyotamkwa na wapagazi, yakachapwa kwenye ramani, na moja likawa jina la taifa hadi leo. Kwa hiyo tusijifanye kwamba waliokoroga majina ni Wazungu peke yao. Kiswahili chetu ndicho kilikuwa programu ya kwanza ya kubadilisha fomati katika nchi hizi, na kama programu nyingine zote, kilipitisha kilichokiweza na kingine kikakidondosha.

Baada ya hapo mambo yakawa mazito. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera pale Rusumo, Ngara, akaingia Rwanda akipima njia yake. Mwaka 1901 mtu huyo huyo akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyekuwa madarakani Maji Maji ilipolipuka 1905.

Maofisa wa Kijerumani walitembea na madaftari ya njia. Wanaandika saa, upande wa dira, kijito kilichovukwa, kijiji kilichoonekana kushoto. Madaftari yanatumwa Berlin. Huko wachoraji kama Paul Sprigade na Max Moisel, wakifanya kazi na nyumba ya uchapaji ya Dietrich Reimer, waliunganisha njia za wasafiri mbalimbali wakatoa ramani za koloni zima. Ukitaka kuelewa kazi yao, ni hiyo hiyo ya tovuti za kubadilisha mafaili: unapakia daftari la afisa aliyepita Biharamulo, inatoka ramani. Ambako hakuna afisa aliyepita, hakuna kitu kwenye ramani, au kuna mstari wa kukisia.

Sasa nakuomba usome kipande hiki polepole. Ujerumani ilishindwa vita. Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana namna ya kugawana nchi hizi. Waingereza walitaka nafasi ya kupitisha reli kutoka Cape hadi Cairo, basi wakapewa Gisaka, nchi ya mashariki mwa Rwanda, ng'ambo ya Kagera ukitokea Ngara. Mfalme wa Rwanda akakatiwa kipande cha nchi kwa ajili ya reli. Mwisho wa 1923 Gisaka ikarudishwa na mpaka ukarudi mtoni. Reli ile haikujengwa hadi leo.

Bugufi, nchi ya Wahangaza, haikuwa na mto mkubwa wa kuitetea. Hati ya udhamini ya Tanganyika ya 1922, hati ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule, inaelezea mpaka kutoka nukta hadi nukta. Ikifika kwenye mpaka wa Bugufi na Urundi, inasema kwa kifupi kwamba mipaka ni ile inayoonyeshwa katika atlasi ya makoloni ya Kijerumani ya Dietrich Reimer, skeli ya 1:1,000,000, ya mwaka 1906.

Yaani sheria ya kimataifa ilielekeza kwenye ukurasa wa atlasi. Skeli ya moja kwa milioni maana yake milimita moja kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Unene wa wino peke yake unaweza kufunika kijiji na mashamba yake. Wachoraji wa Berlin walipochora mstari ule hawakuwa wanamwamulia mtu uraia, walikuwa wanajaza ramani. Miaka 16 baadaye mchoro ukageuzwa fomati ukawa sheria, na sheria haina sehemu ya kuandika "hapa tulikisia".

Ilibidi watu waende sasa uwanjani kuutafuta mstari huo kwenye udongo. Mwaka 1924 Waingereza na Wabelgiji walisaini itifaki ya mpaka mjini Kigoma, na Novemba 1934 wakasaini mkataba London. Zikawekwa nguzo, vikatajwa vijito na vilima. Bugufi ikabaki Tanganyika. Watawala wa Burundi hawakuridhika, waliihesabu kuwa yao, na 1948 Mwami Mwambutsa alilipeleka suala hilo kwa Umoja wa Mataifa. Haikurudi.

Basi bibi yetu alipoletwa kwa mume hakuwa anakwenda nchi nyingine. Alikuwa anakwenda vilima kadhaa mbele, kwa watu wanaosema lugha anayoielewa (Kihangaza na Kirundi havikosani sana, muulize yeyote wa Ngara). Mstari ulikuwepo tayari, ila hakuuona. Mjukuu wake ndiye ameuona, na ndiyo maana faili lake linakatika ghafla. Ukilikuza kwenye skrini utaona nukta zimekuja vizuri zimepangana, halafu hapo mwisho zimerundikana pamoja kama siafu. Alisimama muda. Saa iliendelea kuandika.

Mwaka 1994 mstari ulivukwa tena, safari hii kwa miguu ya maelfu. Kuanzia 28 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, wakikimbia. Ilikuwa miaka 100 tangu Götzen avuke pale pale akielekea upande wa pili. Kambi ya Benaco, iliyopata jina kutoka kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa mji mkubwa ndani ya siku chache. Ukiwa na watu wengi namna hiyo unahitaji ramani haraka: maji yako wapi, vyoo vichimbwe wapi, lori la unga lipite wapi.

GPS ya mkononi ilikuwepo mwaka ule, lakini jeshi la Marekani lilikuwa likitia kosa la makusudi kwenye mawimbi ya raia, kiasi kwamba kifaa kingeweza kukosea hadi mita 100. Kosa hilo liliondolewa kwa amri ya Rais Clinton usiku wa kuamkia 2 Mei 2000. Saa ya mazoezi ya leo inajua ulipo kwa mita chache, na hiyo ni zawadi ya usiku ule mmoja.

Kuna kosa jingine ambalo Clinton hakuliondoa, na hili lisikilize kama una shamba. Ramani za karatasi za serikali, zile za skeli ya 1:50,000 tulizofundishwa kuzisoma sekondari, zimejengwa juu ya umbo la dunia lililokokotolewa na Mwingereza Clarke mwaka 1880, katika mfumo unaoitwa Arc 1960. GPS inatumia umbo jingine, WGS84. Namba zile zile za latitudo na longitudo katika mifumo hii miwili ni sehemu mbili tofauti ardhini. Huku kwetu tofauti ni takriban mita 300. Ukichukua namba za GPS ukazipigia nukta kwenye karatasi ya zamani bila kuzibadilisha, nukta inateleza hizo mita 300, karibu zote kuelekea kusini.

Biharamulo niliwahi kukutana na mzee mwenye fotokopi ya ramani ya zamani iliyokunjwa hadi ikatoboka. Kijana mmoja alimpimia shamba kwa simu, akampigia nukta kwenye ile fotokopi, na shamba likaangukia ndani ya msitu wa hifadhi. Mzee amelima pale tangu kabla simu hazijaja. Nilimuuliza bikoni iko wapi, akaninyooshea kidole, iko kwenye kona ya shamba, nje ya msitu, haijasogea. Wilaya ile imepakana na mapori ya akiba kwa miaka mingi, na 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mahali kama hapo mita 300 ni mahindi ya mwaka mzima, au ni kesi. Ukibadilisha faili mtandaoni, tovuti nzuri inakuuliza unatoka mfumo gani kwenda upi. Usibonyeze tu "endelea".

Nisiseme kwamba kila ramani ni uonevu, nitakuwa mwongo. OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast 2004, inapokea njia za GPX za mtu yeyote. Crowd2Map Tanzania imekuwa ikijaza humo vijiji vya nchi hii tangu 2015, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wasichana wa Mara waliokimbia ukeketaji wasingeweza kufikiwa kwenye vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote. Hapo njia ya mtu imegeuzwa ramani ikamsaidia mwenyewe.

Ila fahamu unachotoa. Tovuti nyingi za kubadilisha mafaili hufanya kazi kwenye mashine zao, kwa hiyo faili lako linasafiri kwanza kwenda huko. Mwisho wa 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya joto ya mazoezi ya watumiaji wake dunia nzima, bila majina ya watu. Januari 2018 mwanafunzi Mwaustralia, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba kambi za kijeshi zilikuwa zinang'aa humo, kwa sababu wanajeshi walikuwa wanakimbia na saa zao. Sasa fikiria njia ya miguu inayoelekea mpakani Ngara, yenye tarehe, dakika, na nyumba ilikoanzia. Bibi na majirani wa bibi hawakuombwa ruhusa.

Kwa hiyo mara ya tatu sikupakia popote. Nilitumia GPSBabel kwenye kompyuta yangu. Nilifuta wakati wote na mapigo ya moyo. Nilikata mita 500 za mwanzo ili nyumba isionekane. Lile rundo la nukta la pale mwisho nililiangalia sana, kisha nikaliacha. Longitudo kwanza, alama ya kutoa mahali pake. Nikafungua: vilima vya Ngara, kijani, na mstari mwekundu unapanda na kushuka.

Nikampigia simu. Alikuwa amekaa na bibi. Akaishika simu yake mbele ya macho ya bibi, nikasikia kimya, halafu bibi akasema kitu kirefu kwa Kihangaza. Mjukuu akacheka, akaniambia bibi anauliza mbona vilima havina majina, huyu aliyechora alipita usiku?

Tukaanza upya. Bibi anataja, mjukuu ananitamkia herufi kwa herufi, mimi naandika kwenye faili, kwenye ile sehemu ya jina ambayo saa iliiacha tupu. Tulifika majina kumi na moja, vikiwemo vijito viwili ambavyo bibi anasema vimekauka. Niliyaandika kama alivyoyatamka, bila kumwekea U hata moja. Ya ng'ambo ya mpaka ameniahidi kesho, salio lilikwisha.